Ukingo wa Mkia wa Mulopwe

Mlipuko wa kila siku wa mgodi ulitukuta tukila. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya Mama Veronika, pale Musonoi, na wanawake walikuwa wamemaliza kugawa bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo kwa watu waliojaa ua mzima hadi barabarani. Kwanza ardhi ilitikisika chini ya miguu, kisha mshindo ukafuata, na nyumba ikajibu kama ilivyozoea kujibu: sahani kabatini, mabati juu ya vichwa vyetu, kioo cha dirisha ambacho tangu nikijue hakijawahi kukaa sawa kwenye fremu yake. Wenyeji hawakuinua hata macho. Mimi, niliyefika asubuhi ile kutoka Likasi, niliweka tonge chini, kwa sababu katikati ya makelele yale nilisikia kitu kidogo kikigonga mbao, tik, tik, nikajua bila kugeuka kwamba ni jiwe langu. Lilikuwa bado juu ya meza ya cherehani, yai la kuchongwa la malakiti, lile jiwe la kijani la kwetu, limekandamiza karatasi kama nilivyoliacha. Nilikuwa nimejikaza tangu nishuke kwenye basi, lakini kwa mlio ule nikalia kama mtoto, na mwanamke aliyeketi karibu nami akaniondolea sahani mapajani.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa uuguzi, na chumba cha nyuma cha nyumba ile kilikuwa changu kwa sharti moja. Mama Veronika alikuwa mshonaji wa salopeti, zile nguo za kazi za buluu zinazovaliwa migodini, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Mshono ulionyooka aliushona kwa vidole, haraka kuliko mimi mwenye macho, lakini sindano hakuweza kuitunga uzi wala kusoma kipimo. Siku niliyofika na sanduku langu alinishika uso, akanipapasa mabega kama anayenipima gauni, akasema, "Mi nakupa chumba, weye unanipa macho. Ukianza kunidanganya, unarudisha chumba yangu." Nikacheka, nikidhani ni utani. Chumba kingine karibu na shule sikuwa nacho, na ukweli ni kwamba sikukitafuta, kwa sababu nyumba ile niliipenda tangu siku ya kwanza, na harufu yake ya mafuta ya cherehani na kitambaa kipya, na nyuzi zake za buluu zilizoingia kila mahali, hata kwenye sombe.

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya chai, ilikuwa kusimama mbele ya bokali. Ilikuwa chupa pana ya glasi, imekaa kwenye rafu mkabala na cherehani, na ndani yake aliishi samaki mmoja mwekundu wa aina ya beta, wale madume wadogo wenye mapezi marefu ambao ukiwaweka wawili pamoja watauana. Hakuwa wa Mama. Injiniya mmoja Mchina, ambaye Mama alimshonea nguo za kazi kwa miaka kadhaa, alikuwa amekwenda kwao kwa mwaka mmoja na kumwachia samaki wake kwa amana. Aliacha kopo la chakula na maagizo kupitia mkalimani: maji ya bomba yapumzike siku mbili kwenye ndoo kabla ya kumpa, na asipate baridi. Mama aliweka mkono kifuani, akamwambia, "Utamukuta." Hilo neno moja alilirudia mara nyingi mwaka ule, na mtu yeyote aliyemfahamu alijua kwamba kwake lilikuwa kiapo. Samaki alimpa jina la Mulopwe, yaani mfalme kwa Kiluba, kwa sababu ya joho lake. Na siku tulizopika tomson, samaki wa barafu wa sokoni, hatukuruhusiwa kugusa bukari hadi bokali ifunikwe kitambaa. "Funika Mulopwe," angesema. "Tunakula ndugu yake."

Nikishasimama pale, swali lilikuwa lile lile. "Odile, unaona nini?" Mara ya kwanza nilijibu kwamba anaendelea vizuri, akanikatiza. "Ile ni habari ya redio. Sikuulize kama anaendelea. Nakuuliza unaona nini." Basi nikajifunza kusema: mkia umefunguka, ukingo ni mwekundu hadi mwisho, hakuna palipochanika, amekula punje tatu na ya nne ameitema. Shuleni hakuna aliyenifundisha kutazama namna hiyo. Walitufundisha majina ya magonjwa, nami nilikuwa hodari wa majina, na mwanafunzi hodari wa majina ni mtu wa hatari kidogo, ingawa hilo nililijua baadaye.

Kosa langu lilianza kwa mapenzi. Bokali ilikuwa tupu, glasi na maji tu, nami nikaona si haki mfalme akae kwenye nyumba isiyo na kitu. Sandukuni nilikuwa na yai la malakiti nililopewa na mama yangu wa ubatizo. Kwetu kila sebule ina kipande cha malakiti, kama si yai ni tembo, kama si tembo ni kisahani cha majivu ya sigara, kimesuguliwa hadi kinang'aa, na hakuna anayekitazama akafikiria mgodi. Tunalala juu ya shaba, tunaipangusa vumbi kila Jumamosi, tunasahau kwamba ni shaba. Nililiosha yai langu kwa sabuni, nikaliosha tena kwa maji safi, nikalilaza chini ya bokali. Lilipendeza mno, ule wekundu juu ya kijani. Sikumwambia Mama, nilitaka iwe zawadi ya kimyakimya kwa samaki. Mchana mlipuko ulipokuja, sahani zikalia, mabati yakalia, na ndani ya bokali jiwe likagonga glasi, tik. Mama aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Nini ile imelia?" Niliona aibu ya kitoto, sijui ya nini. "Ni kifuniko ya sufuria, Mama," nikasema. Akarudisha mguu, akaendelea kushona.

Wiki tatu baadaye ukingo wa mkia ulikuwa umeanza kuliwa. Hakuna neno jingine. Palipokuwa na upindo laini pakawa na meno meno, na kila jino lilikuwa na ncha nyeusi, kama kitambaa kilichopitiwa na moto wa mshumaa. Mapezi aliyabana mwilini, wekundu ulififia, punje za chakula zikashuka chini mbele yake bila kuguswa. "Odile, unaona nini?" Nilisimama pale na mkoba wa shule begani. Niliona kila kitu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kuona. "Iko muzuri, Mama," nikasema. "Ukingo?" "Mwekundu." Akaniambia niende, nitachelewa. Njiani hadi shule nilijiambia kwamba nitapata dawa kabla hajajua, kwamba kumwambia ni kumuumiza bure. Sababu ya kweli ilikuwa chumba. Niliogopa kurudishwa na sanduku langu, nikamtazama mwanamke asiyeona nikamwonyesha uongo.

Aliyeniokoa hakujua kwamba ananiokoa. Jumamosi moja wateja wawili walikaa barazani wakingoja nguo zao, wanawake waliowahi kuosha mawe ya wachimbaji mtoni, nami nilikuwa ndani nikipiga pasi. Nilisikia mmoja akisema, "Mu ule muto samaki hairudi tena. Tunaosha mawe, maji inageuka, asubui unakuta tusamaki tumekufa pembeni." Mwenzake akauliza, "Hata ile mawe ya kijani, ya kupendeza?" Wa kwanza akacheka. "Yote ni shaba, mama. Hata uifute namna gani. Shaba na samaki haipatanake." Pasi nusura iunguze salopeti ya mtu. Niliwangoja waondoke, na Mama akawasindikiza hadi barabarani akipapasa ukuta, nikatia mkono kwenye bokali nikalitoa jiwe, nikalifunga ndani ya soksi, nikalizika chini ya nguo zangu sandukuni. Siku hiyo nilimbadilishia Mulopwe maji yote, polepole, kikombe kwa kikombe. Na siku iliyofuata, mlipuko ulipokuja, kila kitu kililia isipokuwa bokali. Mama alikuwa anakula ndizi. Aliacha kutafuna, akasikiliza, kisha akaendelea kula.

Ungefikiri hapo ningesema. Sikusema. Jiwe limetoka, nikajiambia, sasa atapona na uongo wangu utageuka kweli wenyewe. Na kweli alianza kula tena. Kipwa kilikuwa kimeingia, majira yetu ya baridi na vumbi, asubuhi unatoa mvuke mdomoni, na Mama aliniambia niishonee bokali koti la mabaki ya salopeti na kuiweka karibu na babula, jiko la makaa, lakini si karibu sana. Maji yalikaa na uvuguvugu. Weusi kwenye ukingo ulikoma. Kisha asubuhi moja nikaona jambo lililonikata maini: pale ulipokuwa weusi sasa hapakuwa na rangi kabisa. Pembeni mwa ule wekundu kulikuwa na kitu chembamba, kinachopitisha mwanga, kama mkia unayeyuka ndani ya maji. Kesho yake kilikuwa kipana zaidi. Nikasema basi, ugonjwa umerudi kwa sura nyingine, na sasa unamla haraka. Nilijua jina lake pia, nilikuwa nimelisoma mahali: kuoza kwa mapezi. Kwenye mkoba wangu wa shule nilikuwa na vidonge vya tetrasiklini, vile vya rangi mbili ambavyo kwetu kila mtu huvifungua na kumwagia unga wake kwenye kidonda, awe daktari au muuza nyanya. Jumapili, baada ya misa, nikasimama mbele ya bokali na kidonge mkononi.

"Odile, unaona nini?" Alikuwa nyuma yangu, kwenye kiti chake, hana kazi kwa sababu ni Jumapili, mikono imelala mapajani. Nilikuwa nimeshafungua kidonge. Nilitazama ule unga wa njano na yule samaki mdogo, nikauzuia mkono, kwa sababu nilitambua kwamba nikikosea namuua, na nikimuua itabidi niseme uongo mmoja tena, mkubwa kuliko yote, hadi siku ya injiniya. "Mama," nikasema, "kuko kitu sikukuambiaka." Nikamwambia yote, jiwe, kifuniko, meno meno, weusi, wanawake wa barazani, soksi. Sikumgeukia. Nilipomaliza nilisikia mkono wake ukipiga meza. "Miezi mbili!" alipaza sauti, na sikumbuki kumsikia akipaza sauti namna ile tena. "Miezi mbili weye unanionyesha samaki haiko! Mi nimemuambia ule muntu, utamukuta. Atakuta nini? Maji?" Nililia. Yeye hakulia wala hakunibembeleza. Aliniacha hadi nikaishiwa, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na sasa unashika nini mu mukono?"

"Dawa." "Ya bugonjwa gani?" Nikasema jina. "Umeona bugonjwa, ao umeona mukia? Weka ile chini. Macho kwanza. Ku ukingo, rangi gani? Nyeusi?" "Apana, Mama. Hakuna rangi. Ni kama nailoni." "Iko na meno, ao iko sawa?" Nikainama. Meno meno yalikuwa bado yanaonekana kwenye wekundu, lakini ile nailoni ilikuwa imejaza mapengo na ukingo wake wa nje ulikuwa laini. "Iko sawa." "Iko na kitu nyeupe kama pamba?" "Apana." "Damu?" "Apana." "Anakula?" "Yote." "Weka kioo." Nikaleta kioo changu kidogo, na Mulopwe akakiona, akafungua joho lake lote, akavimbisha mashavu, tayari kumrarua yule mwingine. Nilipomweleza, Mama aliegemea kiti, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea. "Wakati macho yangu ilikuwa inaona, kule kwa injiniya, alijichana ku maua ya plastiki. Ilirudi hivi hivi. Kwanza haina rangi, rangi inakuya nyuma. Lakini usiniamini sababu mi ni mukubwa. Chukua karatasi ya patroni."

Patroni ni ile karatasi ya hudhurungi ambayo mshonaji huchorea vipande kabla ya kukata kitambaa. Mama alinipangia kazi kama anavyompangia mwanafunzi wa cherehani. Kila siku ya tatu nichore mkia wa Mulopwe, nichore mstari mzima pale wekundu unapoishia na nukta nukta pale mkia wenyewe unapoishia. "Nyekundu ikirudi nyuma, njo inaliwa, tutatafuta dawa. Nyekundu ikibaki pale, na ile ya nailoni ikienda mbele, njo inaota. Hapa hakuna kufikiri, ni kupima." Jiwe aliniamuru nilitoe sandukuni. Alilishika, akalizungusha kiganjani, akaliweka juu ya meza ya cherehani kukandamiza michoro. "Hapa itafanya kazi," akasema. Chumba hakunidai. Jioni aliniita kula kama siku zote, na nilikula nikimeza machozi na bukari pamoja.

Mchoro wa kwanza, wa pili, wa tatu: mstari mzima haukusogea hata unywele, na nukta nukta zilikwenda mbele. Kufikia mchoro wa tano nilianza kuona vidoa vya wekundu ndani ya nailoni, kwanza kwenye mishipa, kisha katikati, na nilipomwambia Mama alipiga makofi peke yake pale kwenye kiti. Nimefunga vidonda Likasi kwa miaka mingi sasa, na kila mwaka naletewa wanafunzi hodari wa majina. Wanauona ule ukingo mwembamba wa ngozi mpya, uliopauka, unaotambaa kuingia kwenye kidonda, wanadhani ni uchafu, wanataka kuusugua. Nawashika mkono. Nawapa plastiki inayopitisha mwanga na kalamu, nawaambia wachore, waje tena baada ya siku tatu wachore juu yake. Wananiita Mama Nukta-nukta nyuma ya mgongo wangu, na mimi najifanya sijui.

Injiniya alirudi na mvua za kwanza, viatu vimejaa matope, na kijana mkalimani wake. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Nilidhani ataniachia nijifiche, lakini mgeni alipokwisha kuketi aliniambia, "Odile, sema." Nikasema, na mkalimani akatafsiri, nikimtazama mgeni wetu usoni. Alinyanyuka, akainama mbele ya bokali kwa muda mrefu sana. Kisha akaweka kidole kwenye glasi, akafuata kwa ncha yake utepe mmoja wekundu uliokuwa umefifia kidogo kuliko mkia mwingine, pale ulipokuwa mpaka wa zamani. Aliona mwenyewe palipopona. Aliomba kuona michoro, akaipitia yote kwa mpangilio, akatabasamu, akaomba apewe mmoja. Akaukunja, akautia mfukoni mwa shati. Kisha akasema kwamba anahamia kwenye kambi ya mbali, njia ni mbaya, na samaki ameshazeeka, kwa hiyo kama Mama anakubali, abaki alipo. Mama aliinua kidevu. "Nilimuambia atamukuta," alimwambia mkalimani. "Muulize kama amemukuta."

Mulopwe alikufa mwaka uliofuata, kwa uzee, mimi nikiwa nimeshaondoka. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho miezi michache kabla, na alinipigia simu kuniambia kwamba ameuona ule utepe kwa macho yake mwenyewe, na kwamba sikuuchora vibaya. Miaka yote iliyofuata niliamini kwamba Jumapili ile nilimfunulia jambo asilolijua. Nilijivunia hata, kidogo, ule ujasiri wangu. Kwenye matanga, baada ya sahani kuondolewa, Rejine, mpwa wake aliyemtunza miaka ya mwisho, alikuja kuketi nami, akaniona nikiitazama meza ya cherehani. "Ile jiwe alikatala tuitoe," akasema. "Alisemaka ni ya Odile, ile ilikuwa inalia mu bokali." Nikamwambia hapana, mimi ndiye nilimwambia baadaye kwamba lilikuwa ndani. Rejine akatikisa kichwa. Akasema kwamba Mama alilisikia siku ya kwanza, akadhani ni kokoto tu la kuchezea. Siku mlipuko ulipokuja na bokali ikanyamaza, ndipo alipojua kuna jambo, na kwamba mtu mwenye kulitoa jiwe kwa siri anajua lilifanya nini.

"Mi nilimuuliza," Rejine akaendelea, "kama ulijua, juu ya nini haukumuambia? Akasema, ningemuambia, angekubali sababu tu nimemukamata. Nilikuwa namuuliza kila asubui, unaona nini. Nilijua siku moja atajibu." Mtu aliyekuwa ameapa, asiyeweza kuona kama amana yake inaishi au inakufa, alikaa kwenye kiti kile asubuhi baada ya asubuhi, akanipa nafasi ile ile, nami nikaikataa, naye akanitilia chai. Nilikwenda mezani, nikaliinua yai. Chini yake michoro ilikuwepo yote, ukiondoa ule mmoja, karatasi imegeuka kuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Rejine aliniambia nichukue, vyote ni vyangu. Nilichukua michoro. Jiwe nililirudisha mezani, karibu na ukingo, pale litakapogonga vizuri mlipuko wa kesho.